Jiwe Lililopimwa Mara Tatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Devotha alimsaidia mama yake kung'oa karoti. Shamba lao lilichongwa ngazi ngazi kwenye mteremko ulio juu ya Bigwa, pale ambapo Milima ya Uluguru huanza kupanda bila huruma. Mama yake, Bi Paskalia, aliziosha karoti kwenye mfereji, akazifunga mafungu kwa kamba za mgomba na kuzipanga kwenye tenga. Devotha alimtwisha, wakateremka pamoja hadi njia panda. Mama alielekea sokoni, Devotha akaelekea shuleni.

"Futa viatu," mama alimwambia kila siku wakiagana. "Watasema kwetu tunalala kwenye matuta."

Devotha alikuwa kidato cha kwanza, na darasani hakuna aliyempita kwa alama. Yeye mwenyewe alilijua hilo, na wenzake walijua kwamba analijua. Mtu akikosea ubaoni, Devotha alikuwa wa kwanza kuguna.

Mchana mmoja Mwalimu Severin, aliyefundisha jiografia na kuisimamia klabu ya sayansi, aliingia maabara akiwa na jiwe mkononi na habari kubwa mdomoni.

"Chama kimoja cha wanajiolojia kimeanzisha tuzo ya utafiti kwa wanafunzi," alisema. "Mada ni miundo ya miamba. Wanataka mchunguze miamba ya kwenu ilivyoinama, ilivyopindika na ilivyopasuka. Majaji watakuja kuona kazi zilizo bora. Washindi watatangazwa ukumbini mjini, kisha watakwenda Dodoma kukaa na wanajiolojia kazini."

Maneno yaliyofuata Devotha hakuyasikia. Alikuwa ameshafika ukumbini. Alikuwa anasikia jina lake likisomwa kwenye kipaza sauti, na mama yake amekaa mstari wa mbele na kitenge kipya.

Mwalimu aliinua lile jiwe. Lilikuwa na mistari ya rangi mbili, myeusi na myeupe, kama kitambaa kilichofumwa.

"Miamba mingi ya Uluguru ina mistari hii. Mtapima inainama upande gani, na imeinama kwa kiasi gani. Mkipima sehemu mbalimbali, mtaanza kuuona mlima wote ulivyokunjwa huko ndani. Lakini nisikilizeni vizuri hapa. Mnapima mwamba uliokita tu. Mwamba uliokita haujawahi kusogea, umeshikana na mlima kama jino na ufizi. Jiwe lililoporomoka halitufai hata liwe zuri namna gani, maana limeshabiringika, na mistari yake inaelekea popote lilipoangukia. Umenielewa, Rogers?"

"Nimeelewa, Mwalimu," alisema Rogers, mchekeshaji wa klabu. "Jiwe likilewa tusiliulize njia."

Hata Mwalimu alicheka.

Waligawanywa wawili wawili. Devotha alipangwa na Shamimu, msichana mpole ambaye familia yake ilihamia Morogoro kutoka Kigoma baada ya baba yake kupata kazi kiwandani Kihonda. Shamimu hakuwa mwepesi wa kujibu. Ukimuuliza jambo, aliliangalia kwanza pande zote, kama mtu anayechagua nyanya. Tabia hiyo ilimchosha Devotha.

Vifaa vyao vilikuwa viwili: dira moja ya shule, na kipimapembe cha plastiki kilichofungwa uzi wenye kifungo cha shati, ili uzi ule ukining'inia uonyeshe mwinamo. Walikubaliana kwamba kila mmoja atapima sehemu tatu. Shamimu atapanda juu kwenye korongo, ambako mwamba umetokeza wazi, naye kaka yake Abdulatif atamsindikiza. Devotha atapima chini, kuzunguka kwao.

"Wewe ni mtoto wa huku," Shamimu alimwambia akimpa vifaa baada ya kumaliza zamu yake. "Utaona miamba ambayo mimi nisingeiona."

"Niachie mimi," alisema Devotha.

Zamu ya Devotha ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Masika yalikuwa yameshika. Njia za shambani ziliteleza kama zimepakwa mlenda, na miamba iliyokita ilikuwa mbali, ng'ambo ya mto uliojaa, au juu zaidi kwenye majani yenye upupu. Devotha alisimama uani, akautazama mteremko, akatazama sketi yake safi. Kisha akaligeukia jiwe la nyumbani.

Lilikuwa jiwe kubwa kama chumba, limezama nusu ardhini nyuma ya jiko. Mgongo wake ulikuwa bapa, na mama alianika maharage pale juu. Mistari yake ilionekana wazi upande huu na upande ule. Nani angetaka mwamba mzuri kuliko huo?

Lakini Devotha alijua habari za jiwe lile. Mama alikuwa amemsimulia mara nyingi: kabla Devotha hajazaliwa, mwaka wa mvua kubwa, mlima ulinguruma, watu wakakimbia, na asubuhi wakalikuta jiwe limekaa pale kwenye migomba. Mama alikuwa akimalizia kwa kusema, "Hata hodi halikupiga."

Devotha aliyakumbuka maneno hayo akiwa na dira mkononi. Aliyakumbuka, kisha akayafunika haraka, kama mtu anayefunika sufuria ili harufu isitoke. Alipima upande wa mbele wa jiwe akaandika, "Sehemu ya kwanza." Akazunguka ubavuni, "Sehemu ya pili." Akazunguka nyuma, "Sehemu ya tatu." Kazi iliisha kabla ugali haujaiva. Alijisikia kama aliyedokoa nyama kwenye sufuria ya wageni.

Kesho yake walilinganisha vipimo. Vya Devotha vyote vitatu viliinamia magharibi. Vya Shamimu vyote viliinamia mashariki.

"Ajabu," alisema Shamimu. "Labda kuna kitu katikati. Twende wote tukapime upya?"

Devotha aliisikia damu ikimpanda masikioni. Kupima upya maana yake ni kumwonyesha Shamimu zile sehemu tatu.

"Tukapime nini?" alisema. "Vyangu vinakubaliana vyote. Vyako ndivyo vimekwenda kombo. Uliishikaje dira?"

"Niliishika hivi." Shamimu alikunjua kiganja na kukinyoosha sawasawa.

"Na kaka yako alikuwa na panga?"

"Aliliacha mbali. Mwalimu alituambia chuma kinavuta dira."

"Mbali wapi? Unaona? Huna hakika."

Rogers, aliyekuwa meza ya pili, aligeuka. "Shamimu, dira ilikuwa inakutafutia njia ya kwenu Kigoma?"

Darasa lilicheka. Shamimu alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayetaka kicheko kiishe, kisha akavitazama viganja vyake. Devotha alijua kwamba hapo ndipo pa kusema. Badala yake alisimama na kwenda kwa Mwalimu Severin.

"Mwalimu, naomba niendelee peke yangu. Mwenzangu hajui kushika dira, vipimo vyake vinaharibu kazi."

Mwalimu Severin alikuwa na madaftari ya kusahihisha mpaka kidevuni. Alitazama vipimo vya Devotha, akaona vinavyolingana, akamtazama mwanafunzi wake bora. "Haya. Shamimu atasaidia kikundi cha akina Rogers."

Kazi ya Devotha ilichaguliwa kuwa miongoni mwa zile ambazo jaji angezikagua. Siku jina lake lilipotangazwa mstarini, wanafunzi walipiga makofi. Devotha alitabasamu. Kisha katikati ya vichwa vile akamwona Shamimu naye anapiga makofi, kwa nguvu, kama wengine. Kuanzia siku hiyo Devotha alibadilisha njia ya kwenda maktaba ili asipite mbele ya dawati la Shamimu.

Jaji alikuwa Daktari Irene, mwanajiolojia mwenye kofia ya majani na viatu vilivyochakaa kwa kutembea. Mwalimu Severin aliichukua klabu nzima hadi kwa akina Devotha ili wote wajifunze. Bi Paskalia alikuwa amechemsha mihogo, na baada ya shikamoo na marahaba wote walikula wakiwa wamesimama uani. Kisha Devotha akaongoza kwenda nyuma ya jiko. Miguu yake ilikuwa mizito kuliko siku zote.

Daktari Irene alilizunguka jiwe polepole. Aliweka dira yake, akapima, akaangalia karatasi ya Devotha.

"Umesoma vizuri," alisema. "Umepima kwa mkono uliotulia. Hii ni sehemu ipi kati ya zile tatu?"

"Ni... zote, Daktari. Ziko karibu karibu."

"Mm." Daktari alipiga jiwe kwa kiganja. "Na limekita?"

Mama alikuwa amerudi jikoni kuosha vyombo. Mwalimu Severin alikuwa anamsikiliza Devotha huku ametabasamu. Rogers alikuwa anatafuna muhogo.

"Ndiyo," alisema Devotha. "Limekita."

Neno lile lilitoka dogo sana, lakini lilipotoka Devotha alihisi joto toka shingoni hadi kwenye nyusi. Daktari Irene alitazama juu, kuelekea korongo.

"Kule juu hakuna aliyepima?"

"Alipima Shamimu," alisema Mwalimu Severin. "Mwanzoni walikuwa wawili. Lakini vipimo vyake vilielekea upande mwingine kabisa, tukaviacha."

"Shamimu ni nani?"

Shamimu alijitokeza nyuma ya wenzake. Alikuwa ameshika ndoo ya maji ya kunawa.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwanangu. Vipimo vyako vilielekea wapi?"

"Mashariki. Vyote." Shamimu alisita, akaitua ndoo. "Lakini nimefikiri sana. Labda kweli sikuishika dira vizuri. Devotha amezaliwa huku, anaijua milima hii, na mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nadhani mikono yangu ndiyo yenye kasoro. Samahani nikiwasumbua."

Alisema bila kinyongo. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba anaumwa malaria. Devotha aliiona ile mikono aliyoitukana. Ilikuwa imetulia kwenye sketi, imekunjwa, imejificha. Mtu aliyepanda mlima kwenye mvua na kupima sawasawa alikuwa anaomba radhi, na yeye aliyezunguka nyuma ya jiko alikuwa anasifiwa. Jambo lile lilimshinda kulibeba.

"Daktari, jiwe hili halijakita."

Watu wote waligeuka.

"Liliporomoka," Devotha aliendelea. Hakujua aangalie wapi, akaangalia miguu ya Daktari. "Mwaka wa mvua kubwa, kabla sijazaliwa. Nilijua. Tangu siku napima nilijua. Sikutaka kuvuka mto, nikapima jiwe moja pande tatu nikaandika sehemu tatu. Shamimu anajua kushika dira. Nilisema hajui ili asije kuona mahali nilipopima."

Rogers aliacha kutafuna. Mwalimu Severin hakuwa anatabasamu tena, na hilo lilimuuma Devotha kuliko kama angemgombeza.

Daktari Irene alivua kofia, akajipangusa jasho. "Tungefika juu ningejua," alisema. "Lakini ni vizuri kwamba nimejua kwako. Sasa twende juu. Shamimu, chukua dira."

Walipanda wote, hadi korongoni. Mwamba ulikuwa umetokeza mrefu na mpana, maji yakitiririka juu yake. Shamimu aliweka dira, akaiondoa, akapumua, akaiweka tena. Alisoma kwa sauti. Daktari Irene akapima pale pale baada yake. Wakasogea mbele, wakapima tena.

"Mashariki," alisema Daktari Irene. "Vipimo vyako ni sahihi, binti. Vilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza."

Shamimu hakucheka wala hakulia. Alivigeuza viganja vyake akavitazama, kama vitu alivyokuwa ameazimwa na sasa ameambiwa ni vyake. Devotha aliona, akatamani ardhi impokee.

Kabla ya kuondoka, Daktari Irene alimwita Devotha na Mwalimu Severin pembeni. "Kazi hii naiondoa kwenye tuzo ya mwaka huu. Kanuni haziniruhusu kufanya vingine, na hata zingeniruhusu nisingefanya. Kazi iliyoondolewa inaweza kurudi mwaka ujao kama imefanywa upya. Hilo ni juu yenu."

"Nami nina sehemu yangu katika hili," alisema Mwalimu Severin. "Niliangalia alama za mtoto badala ya kuja kuangalia jiwe."

Jioni Devotha alimweleza mama yake. Bi Paskalia alisikiliza huku akipepeta mchele, na Devotha alipofika kwenye habari ya jiwe, ungo ulisimama.

"Si ungeniuliza tu? Ningekwambia lilivyokuja."

"Nilikuwa najua, mama."

"Ulikuwa unajua." Mama aliutua ungo. "Kukosea kwa kutojua, hayo ni ya kila mtu, hata mimi nimewahi kupanda vitunguu nikidhani ni saumu. Lakini ulijua, mwenzako akachekwa, ukatulia. Umekwenda kwao?"

"Bado."

"Basi hujaanza."

Shuleni mambo yalikuwa kama alivyoogopa. Rogers alimpokea getini. "Shikamoo Profesa. Jiwe la nyuma ya jiko halijambo?" Wengine walimwita Sehemu ya Tatu. Devotha alikuwa amezoea kuguna wenzake wakikosea, na sasa alijua kuguna kule kulivyokuwa kukiingia mtu mwilini.

Siku hiyo baada ya masomo alikwenda kwa akina Shamimu, nyumba ya kupanga yenye uwanja mdogo, chini kidogo ya shule. Alimkuta Shamimu anafua sare.

"Nimekuja kukuomba msamaha," alisema Devotha.

Shamimu aliendelea kusugua kola. "Sawa."

"Kweli, Shamimu. Nilikuonea."

"Hapa tuko wangapi?"

Devotha hakuelewa. "Tuko wawili."

"Uliposema sijui kushika dira, tulikuwa wawili?" Shamimu aliinua macho. Kwa mara ya kwanza hayakuwa ya upole. "Devotha, mimi nilikuwa narudi nyumbani nafanya mazoezi na sahani. Naiweka kiganjani hivi, namwambia kaka aangalie kama imelala sawa. Nilianza kuamini mikono yangu mibovu. Sasa unaniletea pole ya uani."

Devotha alikuwa amedhani msamaha ni mlango wa kugonga mara moja. "Nitasema mbele ya wote," alisema mwishowe.

"Ukisema, tutaongea."

Klabu ilipokutana tena, Devotha aliomba nafasi. Alisimama mbele ya ubao ambao siku zote aliuendea kwa majivuno, akatazama meza zote. Aliwaambia alichokifanya, hatua kwa hatua, hata lile la kuikumbuka hadithi ya mama na kuinyamazisha. Hakutaja mvua kama sababu.

"Mlimcheka Shamimu kwa sababu yangu," alimaliza. "Yeye alipima mlima. Mimi nilipima uvivu wangu. Shamimu, nakuomba unisamehe."

Rogers akasema, taratibu, "Na mimi ile ya Kigoma... nisamehe, Shamimu."

Shamimu alifikiri, kama kawaida yake, hadi watu wakaanza kusogezasogeza viti. "Nimewasamehe," alisema. "Lakini Devotha, tukirudi mlimani, dira nashika mimi."

"Shika wewe," alisema Devotha, na maabara nzima ikacheka, na kicheko hicho hakikumchoma mtu.

Mwaka uliofuata waliifanya kazi upya kwa pamoja, mvua zilipokatika. Mto ulipungua, wakavuka. Walipita kwenye upupu, wakajikuna wiki nzima. Kila walipofika kwenye mwamba, Shamimu aliuchunguza kwanza unavyoingia ardhini, hana haraka, na Devotha alijifunza kunyamaza na kusubiri. Vipimo vilipokuwa vimejaa, Shamimu alisema kazi imekamilika. Devotha alikataa.

"Bado sehemu moja. Lazima tueleze na kosa la mwaka jana. Mtu mwingine anaweza kulipima jiwe kama lile bila kujua."

"Utaeleza wewe?"

"Nitaeleza mimi."

Ukumbi wa mjini ulijaa walimu, wazazi na wanafunzi wa shule nyingi. Shamimu alieleza ramani yao na jinsi miamba ya juu ya Bigwa inavyoinama. Sauti yake haikupanda wala kushuka, na majaji waliandika. Kisha Devotha akapokea kipaza sauti. Kwa mwaka mzima alikuwa ameota kusimama pale, lakini si kwa maneno yale.

"Sehemu hii inahusu vipimo vya uongo," alisema. "Vilichukuliwa kwenye jiwe lililoporomoka, na aliyevichukua alijua hivyo. Ni mimi. Mwenzangu alipopata majibu tofauti, nilimwondoa yeye badala ya kurudi mlimani."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Mstari wa mbele, Bi Paskalia alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Devotha aliendelea mpaka mwisho, akieleza jinsi ya kutambua jiwe lililohama na mwamba uliokita, kisha akakaa na kuinamisha kichwa.

Daktari Irene ndiye aliyesoma majina. Tuzo ya kwanza ilikwenda kwa wavulana wa shule moja ya Mlali, waliochunguza nyufa za miamba na chemchemi, na ukumbi ukawashangilia. Ya pili alisoma hivi: "Shamimu, Abdulatif..." akajisahihisha huku watu wakicheka, kwa kuwa kaka wa Shamimu naye alikuwa ameandikwa kwenye kazi kama msindikizaji, "Shamimu, na Devotha." Tuzo ya pili haikuwa na safari ya Dodoma. Ilikuwa na dira mbili mpya.

Kabla hajaketi, Daktari Irene aliongeza maneno.

"Nimefanya kazi hii miaka mingi, na nawaambia wanafunzi, wote hukosea vipimo. Hata mimi. Mwenzako akipata jibu lisilofanana na lako, usimfukuze. Huyo ndiye amekuletea bahati ya kugundua kosa lako kabla halijawafikia watu wanaojenga nyumba na kuchimba visima kwa kukuamini. Rudini wote mkapime. Ni kazi ngumu, inachafua viatu, lakini hakuna njia nyingine ya kuujua ukweli."

Watu walipiga makofi. Shamimu alisimama kwenda kupokea. Devotha alibaki kitini. Jina alilotamani kulisikia lilikuwa limesomwa, na bado kichwa chake kilikuwa kimeinama, macho sakafuni, uso unawaka.

Mwalimu Severin aliinama karibu yake. "Mbona huendi?"

"Naona haya, Mwalimu. Wote wameshajua."

"Wamejua kwa sababu umewaambia." Mwalimu alizungumza polepole, asisikike na wengine. "Nisikilize, Devotha. Haya uliyoiona mwaka jana ilikuwa na kazi. Ilikutoa nyuma ya jiwe, ikakupeleka kwa Shamimu, ikakurudisha mlimani. Imemaliza. Leo umesema kweli mbele ya watu. Ukipita hapo mbele umeinama, watoto hawa wote watajifunza kwamba kusema kweli ni jambo la aibu. Unataka wajifunze hivyo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi nyanyua kichwa uende. Mwenzako anakusubiri."

Kweli, Shamimu alikuwa amesimama kwenye ngazi za jukwaa, amegeuka nyuma, hajapanda. Devotha alisimama. Uso ulikuwa bado una joto, lakini aliunyanyua, akapita katikati ya viti huku kila mtu akimwona.